Alituzwa, Hakutunzwa: Juan Atkins na Urithi wa Tekno

Mcheza kwao hutuzwa, walinena wahenga. Wengine huiandika methali hii mcheza kwao hutunzwa, na walimu wetu aghalabu huzikubali sura zote mbili, maadamu vitenzi hivyo vimekaribiana kimaana na hata kamusi huvikutanisha. Mimi naona kuna faida ya kuvitenganisha. Kutuza ni kumpa mchezaji zawadi papo hapo uwanjani, kama afanyavyo shabiki wa taarab anapomwendea mwimbaji jukwaani akiwa na noti mkononi. Kutunza ni kuhifadhi. Ni kukiweka kitu kisiharibike, kisisahaulike, wala kisije kikadaiwa na mtu asiyekifinyanga. Mtu anaweza kutuzwa leo na asitunzwe kesho. Ushahidi wa dai hili nimeupata mbali na pwani yetu, katika jiji la Detroit nchini Marekani, kwenye kazi ya mwanamuziki Juan Atkins, ambaye ndiye aliyeupa muziki wa tekno jina lake na, kwa kiasi kikubwa, umbo lake.

Yamkini msomaji atauliza: jarida la Kiswahili lina kazi gani na muziki wa mashine uliotungwa na Mmarekani? Swali ni la haki. Jibu langu ni kwamba sisi tunaojiita wanafunzi wa fasihi simulizi tumezoea kuziombolezea ngoma zilizokufa, ilhali hatujajifunza kutazama jinsi ngoma changa inavyozaliwa, inavyopewa jina, inavyosafiri na inavyobadilisha wenyewe. Katika tekno mambo hayo yote yametokea ndani ya muda wa kazi ya mtu mmoja, na tarehe zake zinajulikana. Ni nadra mtafiti kupata bahati kama hiyo.

Mnamo Machi 2024, Ujerumani iliutia utamaduni wa tekno wa Berlin katika orodha yake ya kitaifa ya turathi zisizoshikika. Sina ugomvi na Berlin. Jiji hilo liliupokea muziki huu kwa mikono miwili baada ya ukuta wake kuanguka mwaka wa 1989, likaupa kumbi na wasikilizaji, na hatimaye likaupatia heshima ya serikali. Tena kilichoorodheshwa ni utamaduni wa Berlin, si asili ya muziki wenyewe. Lakini habari husafiri zikiwa zimevuliwa maelezo yake. Mwanafunzi wa Nairobi au Eldoret anayesikia kuwa tekno ni turathi ya Wajerumani hana sababu ya kushuku kwamba muziki huo ulianzishwa na vijana Weusi wa jiji la viwanda vya magari.

Atkins alizaliwa Detroit mwaka wa 1962. Baba yake alikuwa mwandalizi wa maonyesho ya muziki, na kijana huyo akajifunza gita na gita la besi mapema. Katika ujana wake alihamia kwa nyanya yake huko Belleville, mji mdogo ulio kusini-magharibi mwa Detroit. Nyanya huyo alikuwa mpigaji wa ogani, na ni katika kuandamana naye kwenye duka la ala za muziki ndipo mjukuu alipokutana na sinthesaiza, yaani kinanda cha umeme kinachoumba sauti zake chenyewe badala ya kuzipata kwa nyuzi au pumzi. Akanunuliwa aina ya Korg MS-10. Chombo hicho ni cha kawaida mno. Hutoa sauti moja tu kwa wakati mmoja, hivyo basi hakiwezi kupiga noti tatu zikapatana. Atkins hakuwa na ngoma wala mpiga ngoma, kwa hiyo aliuchukua mvumo mkavu ulio ndani ya kinanda hicho, ule unaofanana na redio iliyopoteza stesheni, akaukatakata na kuuchonga hadi ukalia kama ngoma. Juu ya mdundo huo akarekodi besi, na juu ya besi lahani, tabaka baada ya tabaka, chumbani mwake.

Nimelitaja jambo hili kwa kirefu kwa sababu wapo wanaodai kuwa muziki wa mashine hauna mkono wa mtu ndani yake. Ni dai la kivivu. Aliyeunda ngoma kutokana na mvumo amefanya kazi ileile ya fundi anayewamba ngozi: ameitazama malighafi isiyo na sauti aitakayo, akailazimisha kutoa sauti hiyo. Tofauti ni kwamba mti na ngozi tumezizoea, ilhali umeme tunauona mgeni.

Katika shule ya upili ya Belleville, Atkins alifahamiana na Derrick May na Kevin Saunderson, wadogo wake kidogo kwa umri, na watatu hao ndio walioenda kuutangaza muziki huu duniani. Usiku walikuwa wakisikiliza redio. Mtangazaji Charles Johnson, aliyejiita The Electrifying Mojo na ambaye alifika katika redio za Detroit mwaka wa 1977, hakujali mipaka ya rangi wala ya aina za muziki. Katika kipindi kimoja angeweza kuwapiga Parliament, akampiga Prince, kisha akawapiga Kraftwerk, kundi la Wajerumani wa Düsseldorf waliokuwa wakitumia mashine tupu. Haya lazima yasemwe waziwazi: Ujerumani ilikuwa na mchango tangu mwanzo, na Atkins hajawahi kuufanya siri. Lakini mbegu kutoka ugenini haimgeuzi aliyeilima kuwa kibarua katika shamba lake mwenyewe.

Na shamba lenyewe lilikuwa na hali gani? Mwaka wa 1950 Detroit ilikuwa na watu zaidi ya 1,800,000. Kufikia mwaka wa 1980 walikuwa wamepungua hadi takriban 1,200,000. Katikati ya miaka hiyo kulikuwa na ghasia za mwaka wa 1967, viwanda vilihamishwa, na wenye uwezo, hasa Wazungu, wakakimbilia vitongojini. Kampuni ya Motown, iliyokuwa fahari ya muziki wa Weusi wa jiji hilo, ilihamishia makao yake Los Angeles mwaka wa 1972. Viwandani roboti zikaanza kushika nafasi za watu. Mwaka wa 1988 Atkins alimwambia mwandishi mmoja wa Uingereza kuwa yeye alivutiwa na roboti za Ford kuliko muziki wa Berry Gordy, mwanzilishi wa Motown. Wengi wameinukuu kauli hiyo kama majivuno ya ujana. Mimi naisoma kama uchambuzi wa hali. Gordy aliwahi kufanya kazi katika kiwanda cha magari, naye aliipanga Motown kwa mfano wa kiwanda, wimbo ukipita mkono hadi mkono mpaka ukamilike. Kizazi cha Atkins kilikuta mikono hiyo imeondolewa. Kama mashine ilikuwa imewapokonya wazazi kazi, basi mtoto aliichukua mashine ileile akaifanyisha kazi yake. Asiyeona maudhui humo kwa kuwa nyimbo zina maneno machache, na arejelee maelezo ya mwalimu wake kuhusu muktadha wa utendaji.

Baada ya shule ya upili, Atkins alijiunga na chuo cha Washtenaw, na huko akakutana na Rick Davis, mtu mzima kumliko, aliyekuwa amepigana katika Vita vya Vietnam. Davis alikuwa na mashine zake na falsafa yake, naye alipenda kujiita kwa nambari, 3070. Waliunda kundi la Cybotron. Mwaka wa 1981 walitoa santuri yao ya kwanza, "Alleys of Your Mind", si kwa kuisubiri kampuni iwaite, bali kwa kuanzisha kampuni yao ndogo, Deep Space. Mojo akaipiga redioni. Inasimuliwa kuwa santuri hiyo iliuza nakala zipatazo 15,000, nyingi zikinunuliwa Detroit kwenyewe. Mwaka uliofuata wakatoa "Cosmic Cars", nayo ikapokelewa vivyo hivyo.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wasimulizi wengi wa historia hii. Wao hutuambia kwamba Detroit ilimpuuza mwanawe, na kwamba ni Ulaya iliyomgundua. Si kweli. Detroit ilimtuza Atkins kabla Ulaya haijalisikia jina lake. Watangazaji wa kwanza, wanunuzi wa kwanza na wachezaji wa kwanza walikuwa majirani zake. Methali ilitimia barabara, kwa maana ya kutuza.

Mafanikio hayo yaliwapatia Cybotron mkataba na kampuni ya Fantasy ya California, na mwaka wa 1983 ikatoka albamu yao, "Enter", ikiwa na kazi iitwayo "Clear". Kazi hiyo ni kavu na imenyooka, haina gita, haina mapambo. Sauti ya mtu imefanywa kuwa mojawapo ya mashine. Ndani ya kundi, hata hivyo, palikuwa na mvutano. Davis alitaka kuelekea kwenye roki yenye magita. Atkins alitaka kubaki na mashine. Kufikia mwaka wa 1985 walikuwa wameachana. Davis, kwa maoni yangu, amedhulumiwa na walioandika habari hizi, ambao humtaja kwa sentensi moja kisha wakasonga mbele. Mengi ya msamiati na taswira za Cybotron yalitoka kwake. Kama twasema Atkins hakutunzwa, basi huyu hakutunzwa mara mbili.

Mwaka huohuo wa 1985 Atkins alianzisha kampuni ya Metroplex na kuanza kutoa kazi kwa jina la Model 500. Santuri ya kwanza iliitwa "No UFOs". Jina Model 500 halina rangi, halina kabila, halina hata jinsia; ni kama jina la bidhaa iliyotoka kiwandani. Alilichagua makusudi ili msikilizaji asiweze kumwekea kazi yake kwenye rafu ya muziki wa Weusi kabla hajaisikiliza. Ulikuwa ujanja wa busara, na ulikuwa na gharama yake. Aliyeficha sura ili asibaguliwe alijikuta, miaka baadaye, akilazimika kuuthibitishia ulimwengu kwamba sura hiyo ilikuwepo.

Metroplex ndicho kitendo nikiheshimucho zaidi katika kazi yake yote. Mtunzi mwenye kampuni ya kutoa santuri ana hati, ana nakala asili, ana uwezo wa kukataa. May na Saunderson wakafuata mfano huo, mmoja akaanzisha Transmat na mwingine KMS, na kwa muda kampuni hizo zilikaa karibu karibu katika mtaa wa Eastern Market huko Detroit. Walijifunza kwa Atkins namna ya kutengeneza muziki. Nadhani somo la umiliki lilikuwa kubwa kuliko hilo.

Tuje kwenye jina, maana hili linatuhusu sisi watu wa lugha. Akiwa shuleni Atkins alisoma somo kuhusu mustakabali wa jamii, na akavutiwa na maandishi ya Alvin Toffler, hasa kitabu cha "The Third Wave" cha mwaka wa 1980, kilichozungumzia watu wanaoitwaa teknolojia na kuitumia kwa masharti yao wenyewe. Toka humo akachota neno tekno na kulitumia kwa muziki wake. Kwa miaka kadhaa hakuna aliyejali. Kisha, mwaka wa 1988, Mwingereza Neil Rushton alipokuwa akikusanya kazi za vijana wa Detroit ili zitolewe na tawi la kampuni ya Virgin, jina lililokusudiwa lilikuwa la kuuelezea muziki huo kama hausi ya Detroit. Hausi ulikuwa muziki wa Chicago, nao ulikuwa ukiuzika sana Uingereza wakati huo. Atkins akaleta kazi aliyoiita "Techno Music". Jina la mkusanyiko likabadilishwa, na albamu ikatoka ikiitwa "Techno! The New Dance Sound of Detroit".

Fikirini kama asingeipeleka kazi hiyo. Muziki mzima ungeingia katika vitabu kama tawi la muziki wa jirani, na leo tungekuwa tukibishana kama Detroit ilikuwa na chake au la. Sisi ambao tumeshuhudia tarakilishi na kompyuta zikigombea kiti kimoja kwa miongo kadhaa, huku ngamizi ikichungulia dirishani, tunajua kuwa istilahi haishindi kwa uzuri wake. Hushinda kwa kufika mapema mahali panapopigwa chapa. Atkins alifika mapema, lakini kwa siku chache tu.

Mkusanyiko huo uliifungua Ulaya. Wimbo "Big Fun" wa kundi la Saunderson, Inner City, uliingia kati ya nyimbo kumi bora za Uingereza mwaka huohuo wa 1988. Ukumbi wa Tresor ulifunguliwa Berlin mwaka wa 1991, katika chumba cha chini cha kuhifadhia fedha cha lililokuwa duka kubwa la Wertheim, nao ukawakaribisha wanamuziki wa Detroit mmoja baada ya mwingine. Atkins mwenyewe alifanya kazi huko na Thomas Fehlmann na Moritz von Oswald mwaka wa 1992. Albamu yake "Deep Space" ya mwaka wa 1995 ilitolewa na kampuni ya R&S ya Ubelgiji. Utaona mwelekeo: mikataba na malipo vilizidi kuhamia ng'ambo. Nyumbani, klabu ya Music Institute, iliyofunguliwa mwaka wa 1988 na ambako May alikuwa mmoja wa wapiga santuri, ilikuwa imefungwa mwaka uliofuata.

Nini kilitokea nyumbani? Watu hawakuacha kupenda kucheza. Kilichokufa ni daraja lililowaunganisha mtunzi na wasikilizaji wake. Redio iliyomruhusu mtangazaji mmoja kuchanganya apendavyo iligeuka kuwa redio ya orodha zilizopangwa na ofisi. Muziki wa Weusi ukawa, kwa mujibu wa orodha hizo, R&B na rapu; muziki wa mashine ukahesabiwa kuwa wa Wazungu. Kijana wa Detroit aliyezaliwa mwaka wa 1985 aliweza kukua bila kuusikia muziki uliozaliwa mwaka mmoja naye, katika jiji lake. Huo ndio upungufu wa kutunza ninaouzungumzia. Hauletwi na chuki. Huletwa na kuondolewa kwa mtu mmoja aliyekuwa akisukuma santuri hewani, bila mwingine kuwekwa mahali pake.

Mwaka wa 2005 Missy Elliott alitoa wimbo "Lose Control", uliosikika kila pembe ya dunia. Mdundo wake umejengwa juu ya "Clear" ya Cybotron. Mamilioni walicheza kazi ya Atkins na Davis pasipo kujua, wakiwemo, sina shaka, vijana Weusi waliokuwa wakisema kuwa tekno si yao.

Kuna kisa kingine kinachoonyesha umiliki ukipiganiwa. Underground Resistance ni kundi lililoanzishwa Detroit na Mike Banks na Jeff Mills mwishoni mwa miaka ya 1980, nalo lilirithi moja kwa moja msimamo wa Atkins wa kujitolea kazi wenyewe. Mwaka wa 1999 lilitoa kazi ya DJ Rolando iliyokuja kujulikana kama "Jaguar". Tawi la Sony nchini Ujerumani likaitengenezea nakala bila ridhaa ya wenyewe, ikifuatisha karibu kila noti. Wenyewe walipiga kelele, mashabiki wakaandika barua, na kampuni ikaiondoa nakala hiyo. Wanamuziki wa Detroit waliweza kupaza sauti kwa sababu kazi ilikuwa mikononi mwao. Kama ingekuwa imeuzwa kwa mkataba wa siku ile ya kwanza ya furaha, wangelalamikia nini?

Sitaki kuchora picha ya jiji lisilofanya lolote. Mwezi wa Mei 2000, tamasha kubwa la muziki wa kielektroniki lilifanyika kando ya mto katika uwanja wa Hart Plaza, Detroit, bila kiingilio, likiongozwa kisanaa na Carl Craig, na Atkins na wenzake wakapiga mbele ya halaiki ya watu wa kwao. Tamasha hilo linaendelea kila mwaka wakati kama huo, ingawa sasa lina kiingilio na jina lingine, Movement. Kwenye barabara ya East Grand Boulevard, nambari 3000, wenyeji wa Underground Resistance wameweka makumbusho madogo ya historia ya tekno, yenye mashine, santuri na picha. Angalieni lakini ni nani aliyeyaweka. Si serikali, wala si chuo kikuu. Ni wanamuziki wenyewe, katika jengo lao wenyewe. Halmashauri ya jiji, kwa upande wake, ilitangaza kufilisika mwezi wa Julai 2013, na katika mwaka wa 2020 wakazi waliohesabiwa hawakufika 640,000. Kuitarajia iwe na orodha ya turathi kama ya Ujerumani ni kumdai kilema mbio. Hata hivyo Marekani si Detroit peke yake, na nchi hiyo haikosi pesa.

Baadhi ya wenzangu chamani husema muziki haupaswi kuwa na mwenyewe. Ukishatoka ni wa wote, kama hadithi ya Sungura na Fisi. Hoja hii ina mvuto wake, na mara nyingi hutolewa na watu wema. Lakini yasahau kuwa hadithi ya Sungura haiuziwi tiketi. Pale penye tiketi, mikataba na ruzuku za serikali, pana mwenyewe daima, apende asipende mtunzi. Atkins ametumia muda mwingi wa utu uzima wake akirudia katika mahojiano maelezo yaleyale: nani, wapi, mwaka gani. Msanii aliyetunzwa hahitaji kuwa shahidi wa kesi yake mwenyewe kila mwaka.

Nimeahidi kwamba jambo hili linatuhusu. Jijini Dar es Salaam, katika mitaa kama Manzese na Tandale, vijana wameunda singeli, muziki wa tarakilishi wenye kasi ambayo mara nyingi huzidi midundo 200 kwa dakika, uliochota vipande vya mchiriku na taarab na kuvikimbiza hadi vikawa kitu kingine. Maneno yake ni Kiswahili, tena Kiswahili cha mafumbo, matani na majigambo ambacho mwanafunzi yeyote wa nyimbo angekitamani. Mwaka wa 2017 mkusanyiko wa "Sounds of Sisso" ulitolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala, na tangu hapo watayarishaji wa singeli wamealikwa kwenye majukwaa ya Ulaya. Nawapongeza waliotoa mkusanyiko huo. Bila wao wengi wetu hapa Kenya tungechelewa zaidi kuusikia. Manzese nayo imekwisha kuwatuza watu wake kwa kucheza hadi alfajiri. Lakini atakayetaka kujua nani alitangulia kuongeza kasi, katika chumba gani, kwa programu ipi, na ni nani aliyelitia neno singeli midomoni mwa watu, atakuta mengi ya maandishi yake yako katika Kiingereza, yameandikwa na wageni waliopita kwa majuma machache. Idara za Kiswahili zenye wasomi wa nyimbo ziko umbali wa safari ya daladala.

Humu nchini pia hatujambo kwa uzembe huo. Kundi la Just a Band, lililoanza miongoni mwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kenyatta, lilitoa albamu yake ya kwanza, "Scratch to Reveal", mwaka wa 2008, na video yao ya "Ha-He" ya mwaka wa 2010 ikamfufua Makmende hadi akawa mada ya taifa zima. Makmende ameandikiwa tasnifu. Mashine zilizompigia mdundo hazijaandikiwa ukurasa, nao waliozitumia walikuwa wakiketi katika kumbi za mihadhara kama zetu.

Kila mwaka chama chetu hupeleka wanafunzi nyanjani kukusanya nyimbo za jando, mbolezi na vitendawili, nao hurudi na mabunda ya data. Napendekeza kwamba safari ijayo kundi moja lisiende mashambani, bali liende kwenye studio za mitaani za Nairobi, Mombasa na, fedha zikiruhusu, Dar es Salaam. Hojaji tunayoitumia ina nafasi ya jina la fanani, umri wake, mahali na tarehe ya utendaji. Iongezwe mistari mitatu: mashine au programu iliyotumika, aliyeupa wimbo au muziki huo jina, na mwenye nakala asili.